Fomu inasema "ikibidi, tumbo lifunguliwe"

SWALI: Shikamoo Sista. Nina miaka 41, kilo 138, urefu sentimita 163. Kisukari ninacho, na usiku nakoroma mpaka pumzi inakatika. Nimepewa mashine ya kulalia. Nimepungua na kurudi mara zisizo na idadi. Sasa daktari wa upasuaji amekubali kunifanyia baipasi ya mfuko wa chakula ili nipungue, yaani mfuko unakatwa na utumbo unaunganishwa upya, kwa njia ya matundu madogo na kamera. Nilifurahi hadi nilipokabidhiwa fomu ya ridhaa. Mstari wa nne unasema: "Ikibidi, tumbo lifunguliwe." Nikairudisha kalamu mezani. Tumbo hili limeshafunguliwa mara tatu, mbili kwa uzazi na moja kidole tumbo kilipopasuka, nami sitaki ya nne. Shemeji yangu naye kanichanganya zaidi. Anasema kama kufungua kumeandikwa kwenye karatasi, basi heri wafungue tangu mwanzo, daktari aone kwa macho yake na ashike kwa mikono yake, kuliko kuchungulia kwa kamera. Ipi ni salama zaidi? Na je, nisaini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Saini. Halafu mpe shemeji ukurasa huu asome, maana hoja yake si ya kijinga. Mimi mwenyewe niliiamini kwa miaka mingi.

Nilianza kazi ya chumba cha upasuaji wakati kila aliyekuja kupunguzwa uzito alikuwa anafunguliwa. Njia nyingine haikuwapo. Baipasi ilianza miaka ya 1960 mikononi mwa Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ikafanywa kwa mpasuo mrefu mpaka mwaka 1994, Wittgrove na Clark wa San Diego walipochapisha taarifa ya wagonjwa waliofanyiwa kazi yote kwa matundu. Wagonjwa wenyewe watano tu. Tuliposikia, daktari mkuu wetu alicheka akasema hao wanacheza. Miaka michache baadaye alikuwa darasani na vijana wa umri wa mwanawe, anajifunza kushona kwa kutazama skrini.

Sasa nikwambie hayo macho ya shemeji yanaona nini. Mpasuo unaanza chini ya kidari unashuka hadi karibu na kitovu. Kwa mtu wa kilo zako, kabla hujafika kwenye msuli unapita mafuta. Niliwahi kuyapima kwa vidole vya mkono wangu uliovaa glovu: vidole vinne, na kwa wengine vinazidi. Ukishapita msuli, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ambako ndiko kazi ilipo, imejificha kule ndani chini ya mbavu, nyuma ya ini. Daktari anainama, taa inapigwa huku na huku, wasaidizi wawili wanavuta vyuma vya kutanulia, na bado anayeona vizuri ni mmoja. Mara nyingine haoni, anapapasa. Wengu uko jirani hapohapo, na ukivuta vibaya unachanika. Nimeshakabidhi vyombo kwenye operesheni iliyoanza kwa ajili ya uzito ikaishia kwa kutoa wengu.

Kamera inaingia kwa tundu la sentimita moja au zaidi kidogo, inakwenda mpaka pale pale, inakuza. Wote chumbani tunaona, hata mimi wa vyombo, hata mtu wa usingizi. Alichokipoteza daktari ni kugusa, na hilo si dogo. Ndiyo maana mafunzo yake ni marefu. Lakini kuona? Shemeji atusamehe, kuona kumeongezeka.

Tuje kwenye takwimu, kwa sababu najua utaulizwa nyumbani. Marekani kulifanyika utafiti mkubwa kwenye vituo kumi, wagonjwa 4,776 waliofanyiwa upasuaji wa uzito kwa mara ya kwanza, ukachapishwa mwaka 2009. Waliangalia siku 30 za mwanzo. Kwa jumla walifariki 3 katika kila 1,000. Waliofanyiwa baipasi kwa matundu, 2 katika 1,000. Waliofanyiwa baipasi kwa kufunguliwa, 21 katika 1,000.

Ukiishia hapo utasema kufungua ni mara kumi ya hatari. Usiishie hapo. Wale hawakupigiwa kura nani aende wapi. Daktari anayemwona mgonjwa mzito kuliko wote, mwenye moyo mbovu, mwenye makovu ya zamani, ndiye anayemfungua, kwa hiyo kundi la kufunguliwa lilibeba wagonjwa wabaya zaidi tangu mlangoni. Utafiti uleule uliona kwamba aliyewahi kupata donge la damu kwenye mishipa, anayekatika pumzi usingizini, na asiyejiweza kutembea ndio walioongoza kwa matatizo makubwa. Mdogo wangu, la pumzi ni lako. Nitalirudia.

Ninaoupenda mimi ni utafiti mdogo wa California uliochapishwa mwaka 2001, kwa sababu huo uliwagawa wagonjwa kwa kura, si kwa uzito wa ugonjwa. Watu 155: 79 matundu, 76 kufungua, baipasi ileile. Waliofunguliwa, 8 kidonda kiliingia wadudu. Wa matundu, 1. Waliofunguliwa, 6 walipata ngiri kwenye kovu. Wa matundu, hakuna. Damu iliyomwagika ilikuwa kama theluthi moja ya ile ya kufungua. Wa matundu walirudi kwenye shughuli zao za kawaida baada ya siku 8 hivi, wale wengine 18.

Hizo ngiri na vidonda kwenye karatasi vinaonekana vidogo. Mimi nimeviosha. Mafuta yana damu kidogo, mdudu akiingia humo hakuna wa kumfukuza. Siku ya saba au ya nane unaona wekundu, unabonyeza, usaha unaruka. Nyuzi zinakatwa, kidonda kinaachwa wazi kijazie chenyewe kutoka chini, na kila asubuhi unaingiza shashi iliyoloweshwa, mita na mita, mgonjwa ameuma shuka. Wiki sita. Kuna baba mmoja tulizoeana mpaka nikawa najua majina ya wajukuu zake. Alirudi mwaka uliofuata, amepungua kweli, lakini utumbo umetokeza kwenye kovu kama mpira. Akafunguliwa tena.

Kuna na kifua. Mwenye mpasuo mrefu hapumui kwa kina, kwa sababu inauma. Hakohoi, kwa sababu inauma. Haamki kitandani, kwa sababu inauma. Makohozi yanatulia chini ya mapafu, damu inatulia miguuni, na donge la damu likichomoka mguuni likapanda kwenye mapafu linaua kabla daktari hajavaa viatu. Hilo donge ni miongoni mwa sababu kuu za vifo baada ya operesheni hizi, kwa njia zote mbili. Mwenye matundu tunamsimamisha jioni ileile. Ananuna, lakini anasimama.

Baada ya kuyasifu hivyo matundu, nikupe na upande wa pili, kwa sababu wanaouza huduma hii hawausemi kwa sauti.

Ndani ni operesheni ileile. Mfuko wa chakula unakatwa, utumbo unakatwa na kuunganishwa upya, mshono unaweza kuvuja kwa njia hii au ile. Tundu dogo la nje halifanyi kidonda cha ndani kuwa kidogo. Kwenye huo utafiti wa California, matundu yalichukua muda mrefu zaidi, kama dakika 225 dhidi ya 195, na wagonjwa 9 wa matundu walipata mbano kwenye kiungo kipya ikabidi kitanuliwe, dhidi ya 2 wa kufunguliwa. Na kwa kuwa matundu hayaachi makovu mengi ndani, utumbo unabaki na uhuru wa kutembea na kujipenyeza mahali pasipo pake. Hili limeletwa na barua ya pili hapo chini.

Halafu kuna hatari ambayo haimo kwenye jedwali lolote. Plasta ndogo zinadanganya. Hapa najisemea mwenyewe. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye hospitali ambayo sitaitaja, mama mmoja yuko usiku wa pili baada ya baipasi ya matundu. Plasta tano, kila moja upana wa vidole viwili. Anaongea, amechana nywele. Mapigo ya moyo 118. Akaniambia, "Sista, sijisikii sawa, sijui nini." Hakuwa na homa. Nikamwambia ni wasiwasi, nikampangia mto. Saa tisa usiku mapigo 128, bega la kushoto linauma, anapumua juujuu. Nikampigia daktari saa tisa, na nilitakiwa nimpigie saa nne. Mshono ulikuwa unavuja. Alirudishwa chumba cha upasuaji, akakaa wodini wiki tano, akapona, akanisamehe. Angekuwa na mpasuo wa sentimita ishirini nisingemwambia ni wasiwasi. Nilitazama plasta badala ya kumtazama mtu.

Kwa hiyo wewe na atakayekuuguza shikeni hili: mapigo ya moyo yakizidi 120 na hayashuki, bega au kifua kuuma kusikoelezeka, pumzi fupi, au ile hali ya "sijisikii sawa" inayozidi badala ya kupungua, ni jambo la daktari saa hiyohiyo, hata tumbo likiwa laini na homa haipo. Kwa watu wazito tumbo linachelewa kusema. Moyo ndio unaowahi. Ukiwa nyumbani ni vivyo hivyo. Nenda, usipige simu kuuliza kama uende.

Sasa mstari wa nne.

Daktari anaandika "ikibidi" kwa sababu hajui atakuta nini. Anaweza kukuta utumbo umegandamana na ukuta wa tumbo kwa makovu ya zamani, na kuyabandua kwa kamera ni kutafuta kutoboa. Anaweza kukuta ini kubwa limefunika kila kitu. Damu inaweza kutoka mahali asipopafikia. Mtu wa usingizi anaweza kusema gesi tunayojaza tumboni ili kupata nafasi inaubana moyo na mapafu, itoeni. Hapo anayeng'ang'ania matundu ili asionekane ameshindwa ndiye wa kuogopwa. Nimefanya kazi na madaktari wa aina zote mbili. Yule niliyemwamini zaidi alikuwa akifika mahali anasimama, anaweka vyombo chini, anasema "tunafungua" kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Kwenye ule utafiti wa wagonjwa 79, waliogeuziwa kufunguliwa walikuwa wachache sana, 2 hivi. Kwa hiyo shemeji anataka wote 79 wafunguliwe kwa ajili ya hao wawili.

Makovu yako matatu yana uzito, lakini si sawa. Ya uzazi yako chini, kwenye nyonga. Mfuko wa chakula uko juu kabisa, hawagombani sana. Ninalolitazama ni la kidole tumbo, kwa sababu kilipasuka. Usaha ukimwagika tumboni unaacha nyuzi za makovu mbali na ulikoanzia. Mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba kilipasuka, usitegemee kwamba ameliona kwenye faili. Kama una karatasi ya operesheni ile, mpelekee.

Ukimaliza hilo, muulize amefanya ngapi, na mwaka huu ngapi. Usione haya. Huko Michigan, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2013, madaktari 20 wa upasuaji wa uzito walikubali kila mmoja alete video ya baipasi yake ya matundu, wenzao wakaitazama bila kujua ni ya nani, wakatoa alama za ustadi. Robo ya chini kwa ustadi, wagonjwa wao 14.5 katika 100 walipata matatizo. Robo ya juu, 5.2. Wote hao ni matundu! Yaani ukishatoka kwenye ugomvi wa tundu na mpasuo, mkono wa mtu peke yake unaweza kuyafanya matatizo yawe karibu mara tatu. Ningekuwa mimi, nikipewa kuchagua kati ya fundi wa kufungua na mwanagenzi wa matundu asiyesimamiwa, ningelala kwa yule wa kufungua, na ngiri nitaijua baadaye. Lakini wewe hujaambiwa uchague hivyo, na siku hizi mafundi karibu wote wamehamia kwenye matundu, kwa hiyo hata mkono wa kufungua unazidi kuwa adimu.

Yaliyobaki ni yako na yanaokoa kuliko unavyodhani. Chakula kile chepesi cha wiki mbili kabla ya operesheni si adhabu: kinalipunguza ini lisimzibe daktari, na ini dogo linapunguza sababu mojawapo ya kufunguliwa. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla, na usifiche. Na ile mashine ya kulalia itumie kila usiku kuanzia leo, kisha uibebe uende nayo hospitali na barakoa yake unayoizoea. Nimeona watu wanaiacha nyumbani kwa kuona haya, halafu usiku wa kwanza, wakiwa na dawa za maumivu zinazopunguza pumzi, sisi ndio tunahangaika. Andika jina lako juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

SWALI: Sista, nilifanyiwa baipasi ya matundu miaka miwili iliyopita. Nimepungua kilo 52, namshukuru Mungu. Tangu miezi mitatu nyuma napata maumivu ya kujikunja juu ya kitovu, hasa baada ya kula, yanakuja na kwenda, mara nyingine yanapiga mgongoni. Nimekwenda dharura mara mbili, damu ikapimwa, picha ikapigwa, nikaambiwa ni gesi. Mke wangu ananiambia natafuta magonjwa. Niache?

JIBU: Usiache, kaka. Nilikujibu siku barua yako ilipofika. Hapa naandika kwa ajili ya wengine.

Baipasi inaacha mianya kwenye utando unaoshikilia utumbo. Ukiwa mnene mafuta yanaiziba. Ukishapungua kilo 52, mianya imepanuka na utumbo unaweza kupenya, ukabanwa, ukajitoa wenyewe, ukapenya tena. Ndiyo maana yanakuja na kwenda, na ndiyo maana picha ikipigwa siku ya amani inatoka safi. Hii ni ngiri ya ndani. Waliofanyiwa matundu inawapata zaidi kuliko waliofunguliwa, kwa sababu hawana makovu ya kuushika utumbo mahali. Uswidi walifanya utafiti kwa watu 2,507: nusu mianya ilishonwa wakati wa operesheni, nusu haikushonwa. Katika miaka mitatu, waliorudishwa kufanyiwa upasuaji kwa kuziba kwa utumbo walikuwa 5.5 katika 100 kwa walioshonwa, na 10.2 kwa wasioshonwa. Uliza kama yako ilishonwa, lakini hata ikiwa ilishonwa usitulie.

Damu nzuri haiondoi tatizo hili. Hata picha nzuri haiondoi. Unayemhitaji ni daktari wa upasuaji wa uzito, siyo wa zamu anayekuona kwa mara ya kwanza, na wakati mwingine jibu linapatikana kwa kurudisha kamera ndani na kutazama. Ukifika dharura, sentensi ya kwanza mdomoni mwako iwe "nilifanyiwa baipasi", kabla hujasema panauma wapi. Maumivu yakija na yasiondoke, au ukaanza kutapika, siku hiyo ni ya kwenda hata kama ni saa nane usiku, na mkeo aendeshe gari.

SWALI: Wiki moja baada ya matundu, kinachoniuma ni bega la kulia na wala si tumbo. Walinikosea kunilaza?

JIBU: Hapana. Ni mabaki ya gesi waliyokujaza. Inausumbua msuli wa kupumulia, na neva yake inapeleka malalamiko begani. Kwa kawaida huisha ndani ya siku chache, na kutembea kunasaidia. Wiki moja ni ndefu kidogo. Kama linapungua kila siku, sawa. Kama haliondoki au linaongezeka, na moyo unakwenda mbio, rudi juu usome habari ya yule mama wa plasta tano, ukiwa njiani kwenda hospitali.